Vikande Wawili wa Fundi Taratibu

Siku niliyowaona kwa mara ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, napaka rangi dari ya sebule ya jirani yangu wa ghorofani. Tulikuwa tumehamia nyumba ya chini yake mwezi ule, mimi, mke wangu na watoto, na aliposikia kwamba mimi ni mpaka rangi akaniita. Nilifurahi kupata kazi ya karibu, maana mimi si mtu wa kuzunguka kubisha hodi. Nikapanda, nikasalimia, nikatandaza magazeti sakafuni, nikaanza kazi bila kuuliza lile pazia refu lililofunika ukuta mzima lilikuwa la nini.

Katikati ya kazi nikahisi natazamwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amelisogeza pazia lisichafuke, na nyuma yake kulikuwa na tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, limejaa maji ya chumvi, mawe, na matumbawe ya zambarau na kijani yaliyokuwa yakichezacheza kama vidole. Mbele ya mawe walisimama samaki wawili, kila mmoja mpana kama sahani ya chakula. Miili yao ilikuwa ya kijani kilichokolea, imechorwa mistari ya rangi ya chungwa iliyokwenda mshazari, safi kabisa, kazi ambayo mimi kwa brashi nisingeiweza. Macho yao yalikaa juu, mbali na mdomo, na kila jicho lilizunguka kivyake. Jicho moja la yule mkubwa lilikuwa kwa mama. La pili lilifuata brashi yangu, ikipanda linapanda, ikishuka linashuka.

"Usiwajali," mama akasema. "Hao ni wakwe zangu. Wanakula, wanalala, na asante hawaijui."

Mumewe alikuwa fundi vioo, na mtaa mzima ulimwita Taratibu. Jina hilo lilitokana na neno lake mwenyewe, maana hakuwahi kubeba kioo asiliseme: taratibu kwenye ngazi, taratibu mlangoni, taratibu na huyo mtoto. Alifundishwa kazi na mjomba wake tangu hajaota ndevu, na alikuwa na kovu lililoanzia kwenye kifundo cha mkono likapanda hadi kiwiko, ambalo alisema ndilo cheti chake cha shule. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hata akiwa mikono mitupu alitembea akiwakwepa watu kwa ubavu, kama aliyebeba kioo kipana kwapani. Baada ya siku ile tukawa tunakutana sana kwenye majengo. Mafundi vioo huingia wakati sisi wa rangi tunamalizia, na kawaida kila upande huulaumu mwenzake kwa madoa. Taratibu hakulaumu. Alikuwa akikwangua madoa yangu kwa wembe, kimya kimya, na mimi nikawa nafuta alama za vidole vyake. Urafiki wetu ulikuwa wa namna hiyo, wa kufutiana.

Tangi alilijenga mwenyewe, akipanga na kugandisha vioo kwa silikoni kwa muda wa mwezi mzima. Samaki alipewa na mtu wa duka la samaki wa mapambo aliyekuwa akifunga biashara. Wakati huo walikuwa wadogo kama kidole gumba, ndani ya mfuko wa plastiki, na yule mtu aliapa kwamba hawakui. Mama alipenda kuisimulia hadithi hiyo. Alisema hata yeye alipoolewa aliambiwa mumewe ni mtu wa kuzungumza, tatizo ni aibu tu ya siku za kwanza, na mpaka leo anangoja aibu iishe.

Wakakua. Walipokua wakala kamba wote waliokuwemo, wakala konokono, wakala kaa, wakang'ata waya wa hita ya kupashia maji ukabidi ubadilishwe. Taratibu alinieleza kwamba wanaitwa vikande. Meno yao yametengenezwa kuvunja magamba, na mgongoni wana mwiba mnene wanaoulaza na kuusimamisha. Jioni kila mmoja huingia kwenye tundu la jiwe lake, anausimamisha ule mwiba, anajikaza humo kama kabari. Hata ukimvuta kwa koleo hatoki. Ila nyuma ya mwiba mkubwa kuna mwiba mdogo. Ukiubonyeza huo mdogo, mkubwa unalala wenyewe. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, huku akiwatazama, na nikaona kwamba mtu huyu aliyetumia maisha yake kutengeneza vitu ambavyo watu huvitazama bila kuviona, hapa alikuwa amejitengenezea mahali pa kukaa na kutazama.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha jioni moja, mimi na watoto tukiwa mezani, Taratibu alishuka akabisha hodi mlangoni kwangu. Hakuwa na kawaida hiyo. Mke wangu akamkaribisha chakula, akashukuru, akasema anaomba kidogo neno na mimi nje. Tukasimama kwenye kibaraza. Alikuwa akijisugua kucha ya kidole gumba kama mtu anayejaribu makali ya kisu.

Alinieleza taratibu. Yule samaki jike, alisema, siku hizi anachimba. Amepanua shimo lake chini ya jiwe la mbele, karibu kabisa na kioo, na akichimba hubeba vipande vya matumbawe makavu mdomoni na kuvisukuma pembeni, vikisugua kioo. Leo alipokuwa akifuta tangi kwa ndani ameona mchoro. Umeanzia juu kidogo ya mchanga, umepinda, umeelekea kona ya chini.

Nikauliza kama si mkwaruzo tu.

"Nimepitisha kucha," akasema. "Kucha ikiteleza, ni mkwaruzo. Ikikwama, ni mkato. Imekwama."

Nilikuwa nimemwona akikata vioo mara nyingi. Hakuna nguvu katika kazi ile. Anapitisha gurudumu lake dogo mara moja, mstari mwembamba hata hauuoni, halafu anakishika kioo huku na huku, anakibonyeza kidogo tu, na kinaachana chenyewe kwa sauti ya mtu aliyetafuna kipande cha barafu. Na huku kwake kibonyezo hakikuwa vidole viwili. Kilikuwa maji ya tangi zima, usiku na mchana, yakisukuma. Chini ya maji hayo kulikuwa na sakafu ya mbao, na chini ya sakafu kitanda changu na godoro la watoto.

Akaendelea kusema kwamba angeweza kuyamwaga yote kesho asubuhi, lakini samaki hawana pa kwenda. Kwenye ndoo watakufa. Amezungumza na daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye ana tangi kubwa la mawe matupu kwenye chumba cha kungojea wagonjwa. Daktari amekubali kuwachukua. Tatizo ni kwamba ameliwekea maji mapya ya chumvi, na yatakuwa yametulia Jumamosi. Yeye Taratibu atapunguza maji ya tangi lake kidogo leo, atakaza kioo kwa mbao. Akanitazama.

"Jirani, nipe mpaka Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu. Nikasema haya.

Sijui kwa nini neno hilo hunitoka upesi kuliko mengine. Nilirudi mezani, mke wangu akauliza mzee alitaka nini, nikasema anataka nimsaidie kazi moja. Ulikuwa ukweli, kwa kiasi chake. Kisha nikatazama dari.

Usiku ule nililala macho. Kesho yake nikamwambia mke wangu kwamba nataka kupaka rangi chumba cha kulala, kwa hiyo tuhamishie kitanda na godoro la watoto chumba cha mbele. Akaweka mikono kiunoni. Alikuwa ameniomba nipake chumba kile tangu tuhamie, na jibu langu siku zote lilikuwa kwamba kinyozi hajinyoi.

"Baba watoto, una nini wewe?" akaniuliza. "Umeota, au kuna mgeni anakuja ambaye sijaambiwa?"

Nikacheka kicheko cha uongo, nikaburuta kitanda. Lakini nyumba yetu ni ndogo. Chumba cha mbele nacho kilikuwa chini ya sebule ile, upande wa dirishani. Nilikuwa nimewahamisha watu wangu kutoka chini ya kona moja ya tangi nikawaweka karibu na nyingine, na hilo nililigundua nikiwa nimesimama katikati na mto mkononi.

Jioni ya siku hiyo Taratibu aliniita juu nimsaidie kukaza kioo. Alikuwa amepata ubao wa plaiwudi ulio sawa na uso wa tangi, na klampu nne ndefu, vile vibano vya seremala. Alitaka ubao uchukue sehemu ya mzigo. Kabla ya kuufunga akaniomba niupake rangi, maji yakiurukia usivimbe. Nilikuwa na nusu kopo la rangi nyeusi ya mafuta. Nikaupaka pande zote mbili, tukauacha ukauke, tukauweka, akakaza klampu moja moja, robo duara kwa robo duara, huku midomo yake ikisema lile neno lake bila sauti. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi akitutazama. Alisema wakwe zake wamefungiwa dirisha, sasa watanuna.

Hawakununa.

Kesho yake, Jumatano, niliporudi kutoka kazini, mke wangu alikuwa akipika na watoto walikuwa sakafuni wakicheza. Nikaisikia kutoka juu. Tok. Kimya kidogo. Tok, tok. Haikuwa hatua za mtu, wala kiti. Mke wangu akasema inaendelea hivyo tangu taa ziwashwe kule juu, huenda fundi anapigilia misumari. Tok. Ilikuwa sauti ya kitu kigumu kikigonga kioo kwa ndani.

Nilitoka. Nikapanda ngazi mpaka mlangoni kwao na kuinua mkono kubisha. Nikamsikia mama ndani akicheka jambo, na redio. Nikajiuliza nitaanzaje kusema. Kwamba sikulala? Kwamba nilisema haya nikiwa na maana ya hapana? Niliwazia uso wa Taratibu, jinsi angeinama. Mkono ukashuka. Nikashuka nao.

Sauti ile iliendelea mpaka walipozima taa. Mimi nilikula nikiwa nimesimama, na nilipoulizwa nikasema mgongo.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilikuwa chumbani najifanya nakwangua ukuta, na mke wangu alikuwa amekwenda sokoni na watoto. Mama akashuka mwenyewe, bila ushungi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Bwana Rangi, hebu njoo uone," akasema. "Kule ndani wamekuwa wanne."

Nilimfuata juu. Taratibu alikuwa amepiga magoti kando ya tangi, uso wake umegusa kioo cha ubavuni. Nikainama karibu naye. Tangi lilikuwa linang'aa kwa taa zake, na ule ubao mweusi tuliouweka mbele ulikuwa umefanya giza nyuma ya kioo. Katika giza hilo niliwaona. Dume na jike walikuwa wamesimama wakielekea mbele, na kutoka kwenye weusi walikuwa wakitazamwa na dume mwingine na jike mwingine, wakubwa vile vile, wenye mistari ile ile. Dume akajikunja, akarudi nyuma, akavamia. Yule wa gizani naye akavamia. Meno yakagonga kioo. Tok.

"Wanajiona," Taratibu akasema. "Tumewatengenezea adui."

Akaketi sakafuni. Mtu aliyekata vioo maisha yake yote, aliyejua kwamba kioo kikiwekewa giza nyuma na mwanga mbele kinarudisha uso, alikuwa amewawekea giza samaki wenye wivu kuliko wote, mahali pale pale penye mkato. Na rangi nyeusi ilikuwa yangu. Mama alizima taa za tangi, ile tok tok ikakoma.

Ubao usingeweza kuondolewa, kwa sababu sasa ndio uliokuwa umeshika. Hata taa zikikaa zimezimwa mpaka Jumamosi, jike angerudi shimoni kwake na kuendelea kuchimba kwenye mkato. Taratibu akaingiza mkono pembeni mwa ubao, akapapasa chini kwa nje. Alipoutoa mkono, ncha za vidole zilikuwa zimelowa.

Akampigia simu daktari. Sikusikia upande wa pili, nilisikia wa kwake tu. Maji kama yametulia ama hayajatulia, akasema, ni leo.

Mama akaleta mablanketi yote ya nyumba ile, mimi nikashuka kuleta yetu. Tulilifunika tangi pande zote mpaka sebule ikabaki na mwanga wa dirishani tu na humo ndani ukawa usiku. Tukangoja, sote watatu tumesimama, hakuna aliyetaka kukaa. Mpango wa Taratibu ulikuwa huu: wakidhani usiku umeingia, kila mmoja ataingia tunduni na kujikaza, na sisi tutatoa jiwe pamoja na mwenyewe, bila kukimbizana nao kwa wavu na kusukasuka maji. Maji yasisukwe. Hilo alilirudia mara nyingi.

Tulipofunua juu kidogo, dume alikuwa jiweni mwake. Taratibu akakunja mikono ya shati, akalishika jiwe, akalipandisha pole pole kama mtu anayetoa mkate tanuruni, mkia wa samaki umejitokeza ukitetemeka. Mimi nilishika pipa. Jiwe likaingia ndani ya maji ya pipa, na kutoka ndani ya jiwe tukasikia mkoromo, kavu, kama wa mtu mzima anayekataa kuamshwa. Mama akasema, "Samahani, mkwe." Hakuwa anatania.

Jike hakuwa kwenye jiwe lolote la kubebeka. Alikuwa ndani ya shimo lake, chini ya jiwe la mbele, ambalo lilikuwa limeegemea kioo na limebeba mengine juu yake. Kulitoa ni kuporomosha yote. Taratibu aliinama, akaingiza mkono mpaka begani, akalaza shavu juu ya ukingo wa kioo. Alikuwa akimtafuta mgongo kwa kupapasa. Kisha mwili wake wote ukakaza. Hakupiga kelele. Alifumba macho, na maji karibu na kiwiko chake yakaanza kupata rangi.

"Amenishika," akasema. "Siwezi kuvuta. Nikivuta atapiga kioo. Jirani, ingiza wako."

Nimewahi kuning'inia kwa kamba nje ya jengo refu napaka rangi na upepo unapiga. Sijawahi kuogopa vile. Nililala upande wa pili wa ukingo, uso wangu na wake karibu kugusana, nikaingiza mkono kwenye maji ya vuguvugu. Nikapita kwenye mkono wake. Nikafika kwenye ngozi ngumu, ya kukwaruza kama msasa, iliyokuwa ikipumua. Nikahisi mwiba mkubwa umesimama, umebana paa la shimo. Kwa upande wa kushoto kidole changu kidogo kiliteleza juu ya kioo, na kucha ikakwama.

Nikabaki hapo. Nilikuwa nimegusa ule mkato. Niliwaza godoro la watoto, niliwaza mke wangu akirudi na kikapu.

"Nyuma ya mwiba," Taratibu akanong'ona. "Mdogo. Bonyeza kama unabonyeza kengele ya mlango wa mtu unayemheshimu."

Nikaupata. Nikabonyeza. Mwiba mkubwa ukalala chini ya kiganja changu, laini, kama ulikuwa unangoja kuombwa. Samaki akalegea, akafungua mdomo. Taratibu akamtoa kwa mikono miwili, kidole chake cha shahada kimechanika hadi mfupani, akamweka kwenye pipa la pili na kufunika. Mama akafunga kidole kwa kitambaa cha meza.

Tuliwapeleka kwa gari la duka la vioo. Mimi nilikaa nyuma, mkono mmoja juu ya kila pipa, na njia nzima walikuwa wakikoromeana kupitia plastiki. Kwenye kliniki chumba cha kungojea kilikuwa na mgonjwa mmoja, mama aliyevimba shavu. Alipoona meno ya dume alishika shavu lake na kusema yeye atarudi kesho. Daktari, mtu mnene mwenye utani, alivaa glovu mbili kila mkono. Alisema huyu ni mgonjwa wa kwanza ambaye hatamwambia afungue mdomo.

Taratibu hakucheka. Alikuwa na hofu nyingine, kwamba wa kwanza kuingia ataona tangi zima ni lake na kumuua wa pili, mume na mke wasahauliane kwa safari ya mitaa miwili. Kwa hiyo alikuwa amekuja na kioo kilichotobolewa matundu, akakisimamisha katikati ya tangi la daktari, kila mmoja akawekwa upande wake. Dume alilala ubavu juu ya mchanga, rangi imempauka. Tulisimama tukimtazama muda mrefu, tukamhesabu kuwa amekufa. Kisha jike akasogea mpaka kwenye kioo cha katikati na kusimama hapo. Dume akainuka, akapepesuka kama mlevi, akaenda akasimama upande wake, mbele ya mwenzake. Taratibu akageuka akatazama ukutani, kwenye picha ya jino lililooza.

Tuliporudi tulianza kutoa maji kwa mpira, tukiyamwaga bafuni. Mawe na matumbawe tuliyaweka kwenye mabeseni. Daktari alikuwa amesema atayachukua nayo. Maji yalishuka hadi nusu, hadi robo. Nikaanza kuhisi mabega yangu yakishuka. Yalipobaki kimo cha kiganja, Taratibu akafungua klampu ya kwanza, akaweka mkono kwenye ya pili.

Ile sauti ya barafu. Mara moja tu. Kona nzima ya chini ikaanguka sakafuni pamoja na kipande kirefu kilichopinda kama mundu, na maji yaliyobaki yakaja miguuni mwetu, yakaenea, yakatafuta mianya ya mbao, yakapotea. Tulibaki tumesimama juu ya mchanga na vipande. Kisha chini, nyumbani kwangu, nikamsikia mke wangu, ambaye kumbe alikuwa amesharudi, akiniita kwa sauti akiuliza mvua hii inatoka wapi.

Maji yale yalilowesha kona ya godoro tu. Nilimweleza mke wangu kila kitu jioni hiyo. Hakufoka. Aliwakusanya watoto, akawalaza kwa dada yake kwa muda wa wiki moja, na alipokuwa akitoka alinitazama kwa namna ambayo sipendi kuikumbuka.

Taratibu hakujenga tangi jingine. Aliendelea na kazi, lakini kidole cha shahada hakikunyooka tena, na vioo vipana akawa habebi peke yake. Kila wiki alikwenda kliniki. Mama alikuwa akimtania kwamba meno yaliyobaki kinywani mwake ni machache kuliko vidole, sasa kliniki ya nini. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akawatazama, akatoka. Kioo cha katikati kilikuwa kimeshatolewa, na vikande walikuwa wakilala kwenye mawe mawili yaliyokaribiana. Mimi na yeye tulisalimiana kama zamani, tulifutiana madoa kama zamani. Siku zile hatukuzizungumza.

Mwisho binti yao aliwaita wakaishi naye, kwa kuwa mama alikuwa ameanza kuumwa miguu na ngazi zilimshinda. Siku ya kuhama nilisaidia kubeba vyombo. Taratibu aliingia garini wa mwisho, akashusha kioo cha mlango, akaniashiria nisogee. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nilidhani nimesahau kufunga kitu, nikainama.

"Jirani," akasema, "siku ile nilipokuomba unipe mpaka Jumamosi, nilikuwa naomba Mungu ukatae."